Mtoto huulinda mti anaoujua kwa jina: Vitabu vya picha na elimu ya mazingira

Kuna kitabu chenye picha na kuna kitabu cha picha. Masikioni mwa wengi hivi ni kitu kimoja, lakini wanaoshughulika na fasihi ya watoto huvitenganisha, na wana sababu. Kitabu chenye picha ni maandishi yaliyopambwa. Ukizibandua picha zake hadithi itapungua rangi, ila itabaki imesimama kwa miguu yake. Kitabu cha picha hakivumilii kubanduliwa hivyo. Ndani yake mwandishi amenyamaza makusudi mahali fulani ili mchoraji aseme, na mtoto anayesomewa hulazimika kusikiliza kwa masikio na kusoma kwa macho wakati mmoja.

Tuseme maandishi ya ukurasa mmoja yanatuambia kwamba babu anaamini mto wa kijijini haujabadilika tangu enzi zake. Picha nayo inamwonyesha babu amesimama juu ya daraja refu, na chini ya daraja hilo ng'ombe wanapita mchangani pasipo tone la maji. Hakuna sentensi iliyosema kwamba mto umekauka. Ni mtoto mwenyewe atakayeruka na kupiga kelele, "Lakini hakuna maji!" Akishasema hivyo amejifunza jambo ambalo hotuba ya dakika 20 kwenye gwaride la asubuhi haiwezi kumfunza. Maria Nikolajeva na Carole Scott, katika kitabu chao *How Picturebooks Work* cha mwaka 2001, waliyaeleza kwa mapana mahusiano ya aina hii. Kuna picha inayorudia maneno, kuna inayoyakamilisha na kuna inayoyapinga. Vitabu vyetu vingi vya watoto kuhusu mazingira havijatoka katika hatua ile ya kwanza. Maneno yanasema Juma anapanda mti, na picha inamwonyesha Juma akipanda mti. Ukurasa umekwisha, na mtoto hajaachiwa kazi yoyote.

Suala hili lina uzito wakati huu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ifanye juhudi kuhakikisha kwamba miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na mnamo Novemba 13, 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili watu watoke wakapande miche. Mtaala wa umilisi nao umeyaweka mazingira mbele ya mtoto tangu madarasa ya PP1 na PP2. Kwa hivyo soko lipo, na vitabu vinachapishwa. Swali langu ni la kilugha zaidi: vitabu hivyo vinampa mtoto maneno gani, na picha zake zinamwonyesha nini hasa? Msimamo wangu niutaje mapema. Vingi vinashindwa pale vinapotumia neno kubwa mahali ambapo mtoto alihitaji jina la kitu.

Tuanze na neno lenyewe, mazingira. Linatokana na kitenzi zingira, yaani kuzunguka pande zote, kitenzi kilekile tunachokisoma katika taarifa za polisi kuizingira nyumba ya mshukiwa. Ni neno zuri na lina mantiki yake: mazingira ni vyote vinavyotuzunguka. Tatizo ni kwamba kitu kinachokuzunguka pande zote hakina mahali unapoweza kukigusa. Niliwahi kualikwa kuwasomea watoto wa chekechea katika kijitabu kilichokuwa na sentensi ya kuhimiza utunzaji wa mazingira karibu kila ukurasa. Katikati ya usomaji msichana mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mazingira iko wapi hapa?" Wenzake walicheka. Mwalimu wa darasa akawa tayari kumrekebisha upatanisho wa kisarufi. Mimi naona upatanisho ungengoja kwanza. Mtoto alikuwa ameukagua ukurasa mzima, akaona kilima, jua lenye miale, nyumba ya mabati na ua, na hakukiona kile kitu alichoambiwa akitunze.

Swali lake ni la haki kabisa. Sisi watu wazima tumelizoea neno hilo hadi limekuwa kama salamu. Huliweka kwenye hotuba, mabango na kalenda. Mtoto wa miaka mitano bado anaamini kwamba neno likitajwa kwenye kitabu cha picha, basi kitu chake kipo mahali fulani pale ukurasani, ni kukitafuta tu. Imani hiyo ndiyo msingi wa kitabu cha picha tangu hapo kale. Comenius, mwalimu aliyetoka Moravia, alipochapisha *Orbis Sensualium Pictus* mwaka 1658, aliweka nambari ndogo juu ya vitu vilivyochorwa, kisha nambari zilezile zikawekwa kwenye maneno ya Kilatini na Kijerumani kando yake. Mtoto aliona jina, akaona nambari, akafuata kwa kidole hadi kwenye jani au ndege mwenyewe. Zaidi ya karne tatu na nusu baadaye, tunao watoto wanaotafuta kwa kidole na hawapati.

Kuna mahali ambapo picha ina uwezo wa kuokoa lugha yenyewe. Mnamo Agosti 28, 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini. Kabla ya siku hiyo, ukienda dukani Nairobi ulikuwa unaitisha "karatasi" au "peipa" na kupewa mfuko wa plastiki, na wapo wanaozungumza hivyo hadi leo. Sasa mwambie mtoto aliyekulia katika usemi huo kwamba plastiki ni hatari na karatasi ni salama. Atakuelewa vipi? Anaweza kuirejelea ile "karatasi" nyeusi ya plastiki iliyonasa kwenye ua wa jirani tangu azaliwe, akadhani ndiyo iliyosifiwa. Maelezo ya maneno matupu yatazunguka hapo muda mrefu. Mchoro mmoja wa mbuzi anayetafuna mfuko uliopeperushwa na upepo, na ukurasa unaofuata wa gazeti kuukuu linalolowa mvuani na kumomonyoka udongoni, utaimaliza kazi.

Lakini tukija kwenye miti, picha zetu zenyewe ndizo huanza kuteleza. Fungua vitabu vya watoto vya hapa nchini utazame jinsi mti unavyochorwa: shina la kahawia na juu yake mpira wa kijani, pengine na madoa mekundu ya matunda. Huo ni mti gani? Mchoraji hakusema, na mwandishi hakumuuliza. Mtoto wa Garissa anayeishi kati ya migunga, wa Kilifi aliyezoea mbuyu na mkwaju, na wa Nyandarua anayeuona mwerezi wote wanaonyeshwa mpira uleule. Chini yake pameandikwa tupande miti.

Wengine wataona kwamba ninatafuta makosa. Ati mti ni mti tu. Hebu tuwaulize watu wa Baringo. Mathenge ni mti. Uliletwa na kupandwa huko mnamo miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa, kisha ukatapakaa ukaziba malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wakazi walikwenda mahakamani kuishtaki serikali, na katika kesi hiyo iliyovuma sana wakamfikisha mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Mkaratusi nao ni mti, tena hukua upesi na nguzo zake zina bei. Mwaka 2009 hayati John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyokuwa kando ya mito na chemchemi ing'olewe kwa kuwa ilikuwa inayamaliza maji. Kitabu kinachomhimiza mtoto apande mti bila kumtajia mti gani, na mahali gani, kimemfunza nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye madhara.

Kwa mtunzi wa kitabu cha watoto, kisa cha yule mbuzi wa Baringo ni zawadi, na kingependeza mno kikichorwa. Mbuzi amesimama mbele ya jaji, mawakili wamevaa majoho yao, karani ameduwaa, na mdomo wa mbuzi uko wazi hauna jino hata moja. Mtoto atacheka kwanza. Baada ya kicheko ataanza kuuliza maswali, na maswali hayo ni ya ekolojia hata kama hajui kulitamka neno hilo.

Kuna hatari nyingine iliyo ndani ya hizi amri za "usikate miti". Katika picha nyingi mkataji ni mtu mwenye uso wa kutisha, shoka begani, macho mekundu. Sasa mfikirie mtoto ambaye babake au mamake huchoma makaa. Si mtoto wa kubuni huyo. Yumo madarasani Kitui, Kwale, Narok na kwingineko, na makaa ya mzazi wake ndiyo yanayopikia chakula mijini na kumlipia yeye karo. Anafungua kitabu anamkuta mzazi wake amechorwa jambazi. Ama ataacha kukiamini kitabu, ama ataanza kumwonea mzazi haya. Yote mawili ni hasara. Fasihi ya watoto yenye heshima ingemwonyesha yule mama akiwa amechoka, sufuria iko tupu, mvua imekosekana misimu miwili, kisha ndipo shoka litokee. Mtoto aone kwamba tatizo lina mizizi mirefu kuliko ya mti uliokatwa.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Profesa Wangari Maathai, na vitabu vilivyoandikwa kumhusu. Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Aliasisi vuguvugu la Green Belt mnamo 1977, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na akafariki mwaka 2011. Maisha yake yamezaa vitabu vya picha kadhaa vinavyosomwa duniani. Mnamo 2008 peke yake vilitoka viwili nchini Marekani: cha Jeanette Winter, *Wangari's Trees of Peace*, na cha Claire A. Nivola, *Planting the Trees of Kenya*. Mwaka 2010 vikafuata viwili vingine: *Seeds of Change* cha Jen Cullerton Johnson kilichochorwa na Sonia Lynn Sadler, na *Mama Miti* cha Donna Jo Napoli kilichochorwa na Kadir Nelson.

Mkenya hawezi kuisoma orodha hiyo bila kuguna kidogo. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo, na kile chenye jina la Kiswahili kwenye jalada kina Kiswahili hasa pale jaladani. Shujaa ni wetu, udongo ni wetu, nakala zinauzwa kwa dola. Hata hivyo sipendi kuliacha jambo hili liwe la kulalamika tu, kwa sababu *Mama Miti* ni kitabu kilichofanya vizuri kitu ambacho vyetu vingi havifanyi, na tunapaswa kukichunguza kilivyofanya.

Katika kitabu hicho wanawake wanamjia Wangari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shida yake ya nyumbani. Kila anayekuja anaondoka na jibu lenye jina: panda mti huu, kwa sababu una faida hii. Majina ya miti yametajwa kwa Kikikuyu, jinsi wanawake wenyewe wangeyataja, na mwisho wa kitabu mna maelezo ya maneno hayo. Hakuna anayefokewa kwa kukata kuni. Anayehitaji kuni anapewa mti wa kuni. Kadir Nelson naye amechora nyuso kwa rangi za mafuta, kisha akatengeneza nguo, vilima na majani kwa vipande vya vitambaa vya nakshi, hivi kwamba mavazi ya wanawake na mashamba yao yanaonekana yameshonwa kwa uzi mmoja. Maandishi hayakutaja kwamba watu na ardhi ni kitu kimoja. Vitambaa vimesema.

Namna hii ya kusimulia inalingana na jinsi vuguvugu lenyewe lilivyofanya kazi. Wanawake walioanzisha vitalu walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika mizizi ukaishi. Ilikuwa kazi, ilikuwa kuni, ilikuwa maji ya kisima, na kwa sababu hiyo ilikubalika hadi vijijini. Katika hotuba yake ya Nobel Maathai hakuanza na takwimu alipotaka kueleza kilichopotea. Alirudi kwenye kijito cha karibu na kwao alikokuwa akichota maji utotoni, na mayai ya vyura aliyoyadhania kuwa shanga, na viluwiluwi waliotoka humo baadaye. Mtu anayekumbuka mayai ya vyura kwa nusu karne aliyaona kwa karibu akiwa mdogo. Ukurasa wa kitabu cha picha una nafasi ya kutosha kuchora shanga hizo.

Tanzania jirani wamekuwa na mchoraji anayefaa kutajwa hapa, John Kilaka, aliyejengea kazi zake juu ya mtindo wa Tingatinga. Kitabu chake kimoja, kinachojulikana kwa Kiingereza kama *The Amazing Tree*, kilichapishwa kwanza Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2009. Kinasimulia ngano ambayo ina ndugu zake katika nchi nyingi za Afrika. Ukame umeingia na wanyama wana njaa. Kuna mti mmoja umejaa matunda yaliyoiva, lakini matunda hayaanguki hata utikiswe vipi. Inabidi aulizwe Kobe, na Kobe anatoa siri kwamba mti huo lazima uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa, wanaambiwa jina, wanalisahau njiani. Anayefaulu kulirudisha nyumbani ni Sungura mdogo ambaye hakuna aliyemthamini.

Nimewahi kuwasikia walimu wakiifasiri ngano hiyo kuwa somo la kutowadharau wadogo, na hawakosei. Mimi humo nasikia pia nadharia ya lugha. Wazee waliotunga ngano hizi walijua kwamba mti usiokuwa na jina hautoi kitu. Anayeujua kwa jina anajua unazaa lini, gome lake linatibu nini, na kuni zake zina moshi kiasi gani. Jina likipotea ujuzi huo wote hupotea nalo, na mti hugeuka kuwa "ile kitu ya kijani" inayozuia barabara kupita. Wahandisi hawapati tabu kuangusha kitu kisichokuwa na jina.

Wasomi wa fasihi ya watoto ya Kiswahili, Pamela Ngugi akiwa mmoja wao, wamekuwa wakitukumbusha kwamba fasihi hii lazima imtazame mtoto kwanza na mahitaji yake. Kwa upande wa upatikanaji, mambo yamekuwa nafuu kidogo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, umeweka hadithi za picha za bure mtandaoni katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na lugha kadhaa za Kenya zikiwemo. Humo kuna kisa cha Wangari kilichoandikwa na Nicola Rijsdijk na kuchorwa na Maya Marshak, nacho kinapatikana kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye simu na mahali pa kuchapishia karatasi chache hana haja ya kungoja bajeti.

Ninachowaomba watafsiri wa kazi kama hizi ni wasiyapige pasi majina. Mara nyingi ukifuatilia tafsiri utakuta mkuyu, mvule na mwarobaini vyote vimekuwa "mti mkubwa", na heroe, kwera na korongo wamekuwa "ndege". Sababu inayotolewa ni kwamba mtoto hatayaelewa. Lakini kitabu cha picha ndicho mahali pekee ambapo jina geni halina madhara, kwa kuwa mwenye jina amechorwa pale pale. Mtoto hajawahi kumwona dinosaria na bado anayataja majina yao marefu bila kukwama ulimi. Atashindwaje na heroe, ambaye angeweza kumwona Ziwa Nakuru?

Kuhusu namna ya kuvisoma vitabu hivi nyumbani au darasani sina mengi. Usiwe na haraka ya kufunua. Mwache mtoto auzunguke ukurasa kwa kidole kabla hujasoma neno lolote, umuulize anaona nini, halafu usome. Akiuliza jina la mdudu usilolijua, mwende mkaulize kwa nyanya au kwa jirani. Na kitabu kikishafungwa, tokeni nje mkatafute kilichokuwa ndani.

Tukitaka kujaribu sisi wenyewe, ningeanzia Pwani, kwenye mikoko. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo huuzwa, na mapato yamesaidia kuleta maji na kununulia shule vitabu. Sijui kama msomaji amelipima hilo sawasawa: msitu umenunua vitabu. Je, katika vitabu hivyo mna kimoja kinachomweleza mtoto wa Gazi habari za msitu ulioununua? Kama hakipo, kuna mtu anapaswa kukitunga, na vifaa vyote viko tayari, lugha ikiwa ya kwanza.

Kwa mtu wa bara, mkoko ni mkoko. Mvuvi na mkata boriti wa Pwani wanazo aina tisa, kila moja na jina lake: mkoko wenyewe, mkandaa, kikandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi. Na tofauti zake ni za kuonekana kwa macho, jambo ambalo ndilo hasa mchoraji hulitafuta. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi iliyosimama wima matopeni kama penseli zilizochomekwa, na majani yake hutoa chumvi ambayo mtoto anaweza kuionja kwa ulimi. Mizizi ya muia hujikunja kama magoti. Ya mlilana ni minene iliyochongoka. Mkomafi una tunda la mviringo kubwa kama mpira, na mbegu zake zimepangwa ndani kwa namna ambayo ukizitoa kuzirudisha ni fumbo. Mbegu ya mkoko nayo huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama kalamu ndefu ya kijani, kisha ikaachia, ikaanguka na kujichomeka matopeni, au ikaelea na maji hadi ufuo mwingine.

Kitabu kama hicho hakihitaji kutaja neno mazingira hata mara moja. Mtoto wa kike anatoka na mamake kufuata kaa wakati maji yamekupwa. Katika kila ukurasa anajikwaa kwenye mzizi wa umbo jipya, na kila mara mama anamtajia mwenye mzizi. Nyuma yao, bila maandishi kusema lolote, mchoraji anaonyesha pengo palipokatwa miti, na jinsi mawimbi yanavyofika karibu na nyumba kila ukurasa unapofunuliwa. Boriti ndizo zilizoezeka nyumba ileile ambayo sasa inasogelewa na maji, na hilo pia liachwe lionekane, mtoto ajadiliane nalo mwenyewe. Mwishoni maji yanajaa, na zile mbegu ndefu zinaelea kuelekea kwenye pengo.

Na kama mchapishaji angeniuliza ukurasa wa kwanza uwe na mti gani, ningemwambia aanze na mlilana. Huo ndio unaosimama mbele ya mingine yote, upande wa bahari.